Nadhiri ya Tende Moja

Wametusimulia waliotutangulia katika elimu, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi za mitende aliishi mja mwema aitwaye Mudrik. Binti yake Thuraya alishikwa na homa hata akakatiwa tamaa. Mudrik akaweka nadhiri: Mola akimponya, atafuturisha masikini Ramadhani nzima, usiku wa kwanza tende moja, na kila usiku mara mbili ya uliotangulia. Wenzake wakamwambia aahidi gunia kila siku, yaishe. Akasema gunia ni kujikweza, yeye ataanza na moja. Nawaona mnatabasamu. Na wao walitabasamu hivyo hivyo.

Binti akapona, Ramadhani ikaingia. Ikawa tende moja, mbili, nne, nane. Masikini wakamtania, "Sheikh, leo tutavimbiwa." Kumi la kwanza likaisha kwa vikapu vichache tu. Kumi la pili likaja na magunia.

Alasiri moja Mudrik akaingia ghalani, akakuta tende zimebaki nusu. Akamwambia mkewe, Bi Rahima, "Alhamdulillahi. Nusu ya mwezi, nusu ya ghala. Tutafika Idi."

Bi Rahima akaacha kupima tende za usiku huo. "Baba Thuraya, kesho hatuifiki."

"Vipi?"

"Kila usiku unataka sawa na zote zilizopita, na tende moja juu. Zilizopita zimekula nusu ya ghala. Basi leo peke yake inakula nusu iliyobaki. Kesho itataka ghala zima. Keshokutwa, maghala mawili."

Mudrik alipigwa na butwaa. Akakaa chini kwenye vumbi. Alimwahidi Muumba wake kitu ambacho mji mzima hauna, na alikiahidi akijiona mnyenyekevu.

Shemeji yake Yakubu akamnong'oneza, "Katakata kila tende, kila kipande kiwe tende. Nani atahesabu?"

"Yule niliyemwahidi," akajibu Mudrik.

Akainuka, akaenda msikitini, akasema mbele ya watu wote: "Nimeahidi nisichokiweza. Leo natoa kilichopo. Kesho msinisubiri." Wapo waliolia.

Kadhi, aliyekwisha kusikia shauri la Yakubu, akamwambia, "Lisha masikini kumi, iwe kafara yako. Mola hakukutaka utoe usichokiweza. Lakini niambie, ungezikata zile tende, kesho ungefanyaje?"

"Ningezikata ndogo zaidi," akasema Mudrik.

"Na keshokutwa?"

Hofu iliyomshika Mudrik hapo, wanasema, ilipita ile ya ghalani.

Ndugu zangu, sisi tunapima dhambi kwa udogo wake siku ya kwanza, tukalala usingizi. Tende moja haikumwangusha Mudrik. Kilichomwangusha ni lile neno "mara mbili", alilolitamka asilitazame.