Pimbi, Mlinzi wa Chemchemi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuajiriwa kama sisi, maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi moja tu, ya Mfalme Simba. Walinzi wake wapya walichaguliwa kila baada ya masika. Aliyeweza kusukuma gogo hadi juu ya kilima alipata kazi. Kwa hiyo walinzi walikuwa nyati watupu, na foleni ikisongamana, wadogo walikanyagwa.

Mfalme akaona hiyo si haki. Akatenga nafasi moja ya wanyama wadogo, isiyo na gogo. Akaipata Pimbi.

Pimbi aliijua kazi. Akisikia tu kilio cha kitoto miguuni pa wakubwa, alipiga mluzi, fyuuu! Foleni ikasimama. Lakini Nyati, mlinzi mwenzake, hakuchoka kumsimanga.

"Wewe umebebwa," alimwambia kila asubuhi. "Sisi tulisukuma."

Neno lile lilimkaa rohoni. Mwishowe akajibu, "Na mimi nitasukuma. Waite wote waje waone."

Akaenda msituni, akachagua gogo lililoliwa na mchwa ndani hadi likabaki ganda. Siku ya siku, akaliegemeza bega. Gudu, gudu, gudu! Likapanda kilima chote.

"Sina neno tena," Nyati akasema, mdomo wazi.

Simba alifurahi sana. "Kumbe wadogo mna nguvu hivi? Basi ile nafasi yenu haina haja tena?"

Pimbi aliona macho yote yanamtazama. Akisema kweli, ataaibika mbele ya Nyati.

"Haina haja, Mfalme."

Masika yaliyofuata yalipokwisha, Digidigi, shoga yake, alikuja kuomba kazi. Akapewa gogo zima. Alisukuma kwa nguvu zake zote, gogo lisitikisike.

"Wewe uliwezaje, shoga?" akamwuliza Pimbi.

Pimbi akatazama pembeni. "Jaribu tena mwakani."

Haukupita muda, siku ambayo Pimbi hakuwa kwenye zamu, foleni ilisongamana. Hapakuwa na wa kupiga mluzi. Mtoto wa Digidigi akakanyagwa, akavunjika mguu.

Pimbi alikimbia kwa Mfalme, akamweleza yote. "Nifukuze mimi, Mfalme, lakini ile nafasi irudishe."

Simba akajibu, "Ningependa. Lakini wewe mwenyewe ulitamka kwamba haina haja, na wakubwa wamelishika neno lako. Leo nikiwaambia ulidanganya, watasema wadogo wote ni waongo. Niwajibu nini?"

Pimbi akavua mkanda wa ulinzi, akaenda kwa Digidigi. Digidigi alifungua mlango, akamsikiliza hadi mwisho, wala hakumwambia karibu.

Wanangu, mlango uliokuingiza usiufunge wenzako wakiwa bado nje.