Siku Moto wa Mashavu Ulipozimika

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Sogeeni, kunjeni miguu. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, maana leo nasimulia habari za kula.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yangu hakuiwahi, palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na mwanamke jina lake Mashavu. Jina Mashavu, lakini mashavu yenyewe hana! Yameingia ndani, yamenywea kama kanda la ukili lililomwagwa mchele.

Zamani alikuwa nayo. Alikuwa nayo alipokuwa hai mumewe, Vuai. Siku moja Vuai aliamka alfajiri, akawasha moto jikoni, akaaga, akaenda shamba. Akarudishwa amebebwa. Wakamzika.

Tangu siku hiyo chakula kikampotea Mashavu mdomoni. Akila wali, majivu. Akila samaki, majivu. Hata asali, jamani, majivu! Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Binti yake wa pekee, aliyeolewa ng'ambo ya mto, akamletea salamu: "Mama, nina mimba. Njoo unipokee mtoto." Mashavu akarudisha jibu: "Mwanangu, usinitazamie. Sidhani kama mwezi wako wa kujifungua ukifika nitakuwepo."

Naye alisema kweli. Alikuwa anakwisha.

Akaenda kwa mganga. Mganga akamtazama macho, akamtazama viganja, akasema, "Roho yako ina njaa. Ilishe."

Basi Mashavu akarudi kuilisha roho. Alivyoelewa yeye, roho ni mgeni, na mgeni anapikiwa! Akapika pilau, akaipakua sahani mbili. Akakaa. "Roho yangu, karibu." Kimya. Kesho akapika kuku wa nazi. "Roho, hiki nacho hukitaki?" Kimya. Akapika mkate wa kumimina, akapika tambi za sukari, akapika vyote roho inavyovipenda. Waliokula ni paka. Paka walinenepa kijiji kizima, Mashavu akazidi kukonda.

Ndipo akaenda kwa Bi Sikudhani.

Huyo alikuwa mzee, mzee hasa. Hakuwa na hirizi wala vitabu. Kazi yake ilikuwa kukaa uani kwake na kumenya njugu mawe, ta, ta, ta, na kusikiliza watu. Mpaka leo wazee wetu wakikwama neno huulizana, "Hapa Bi Sikudhani angesemaje?"

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Menya huku unasema."

Mashavu akakaa, akamenya, akasema yote. Bi Sikudhani akamwuliza swali moja tu.

"Moto wako unautoa wapi?"

Watoto wa siku hizi hamjui. Zamani hizo moto uliombwa. Ukiamka jiko limepoa, unachukua kigae cha chungu, unakwenda kwa jirani, unasema, "Nipeni kaa la moto." Ndiyo maana mpaka leo mtu akija kwako akaondoka bila kukaa unamwuliza, "Mbona haraka, ulikuja kuomba moto?"

Mashavu akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata nguvu. "Mimi siombi moto, Bibi. Moto wangu ni ule ule aliouwasha marehemu. Mwaka wa tatu huu, sijauacha ukazimika. Nikilala nauamkia, nikitoka narudi mbio. Ndio nilionao."

"Aa," akasema Bi Sikudhani. "Menya, mwanangu."

Ta, ta, ta. Jua likapanda. Mashavu akaanza kujisogezasogeza. "Bibi, naomba ruhusa, moto wangu..." "Bado kidogo." Ta, ta, ta. "Bibi, gogo litakuwa limekwisha." "Bado kidogo." Na adabu ya huko ni hiyo: mkubwa hajakupa ruhusa, huinuki. Jua likafika utosini, likaanza kushuka. Njugu za ungoni zikaisha. "Haya," akasema mzee, "nenda."

Mashavu akakimbia. Pu, pu, pu, pu! Akaingia jikoni. Akapuliza: fuu. Akachakura: jivu. Akapuliza tena: fuu! Jivu likampanda usoni. Baridi. Moto wa Vuai umezimika.

Alirudi kwa Bi Sikudhani analia kwa hasira, shikamoo kaisahau.

"Umeniua! Ulinikawiza makusudi!"

"Makusudi," akasema mzee. Hakujitetea. "Nichukie, haki yako. Lakini utapikia nini?"

"Sipiki! Sitaki moto mgeni nyumbani mwa mume wangu!"

"Basi usichukue moto usioujua. Chukua kigae. Kila jiko utakalofika, usiombe umesimama. Kaa, shika kazi utakayoikuta, ndipo uulize: moto huu mmeutoa wapi? Uufuate mpaka ulikotoka. Ukiujua, ndio uchukue."

Mashavu aliondoka kwa sababu hasira ilikataa kukaa. Akaenda kwa Mize, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye Mashavu hakuwa ameingia kwake miaka mitatu.

"Hodi!"

Mize akatoka na mikono ya unga. "Dada Mashavu! Wewe?" Akamwona amesimama mlangoni, akamtania kwa mazoea, "Mbona husogei, umekuja kuomba moto?"

"Ndiyo," akasema Mashavu.

Mize akaziba mdomo kwa ile mikono, akabaki na masharubu ya unga. Mashavu akamtazama. Kitu kikamtekenya kifuani, akakikataza. Akakaa, akavuta ungo, wakachekecha unga wote wawili: cheke, cheke, cheke. Mize akamweleza yaliyotokea kijijini miaka mitatu, nani kaoa, nani kaachwa, nani kaachwa akarudiwa. Unga ukaisha, Mashavu hajajua umeishaje.

"Mize, moto huu mmeutoa wapi?"

"Kwa Subira."

Akaenda kwa Subira. Akamkuta na mtoto mgongoni analia, chungu kinafurika, kuni mbichi, moshi. "Mama Mashavu, nishikie!" Hata salamu hapana! Mtoto akatua mapajani pa Mashavu, uzito wote, jasho na maziwa. Akamshika Mashavu kidole, akaacha kulia. Mashavu akamfikiria binti yake ng'ambo ya mto, moyo ukamwuma. Lakini maumivu hayo yalikuwa ya mtu aliye hai, mwenye damu. Akamwimbia mtoto mpaka akasinzia.

"Subira, moto huu mmeutoa wapi?"

"Sisi sote huku tunachukua kwa Mzee Ngwali, mhunzi."

Akaenda kwa Mzee Ngwali. Fuu-pwe! Fuu-pwe! Mzee anavukuta moto mwenyewe kwa mivukuto ya ngozi, pumzi zimemwisha.

"Shikamoo, mzee. Nipe hiyo mivukuto."

"Marahaba. Mwili huo utaiweza?"

"Nipe."

Akashika. Fuu-pwe. Fuu-pwe. Akavuta mpaka jasho likamtoka, mabega yakamwaka, na chuma kikawa chekundu. Mzee akagonga: nga, nga, nga! Jembe likatoka. Ndipo akauliza.

"Mzee wangu, moto huu uliutoa wapi?"

Mzee Ngwali akaweka nyundo chini. Akatazama mlangoni kama hapana mtu.

"Swali hilo sijaulizwa bado, na nilikuwa naliogopa. Mhunzi mzima, moto ulinizimikia! Mvua ilivuja hapa, ikazima kila kitu. Nikaona haya kuomba, kijiji kingenicheka mpaka nife. Nikatoka alfajiri, watu hawajaamka, nikaenda kwa mtu mmoja niliyejua hatanicheka. Nikamkuta ndio kwanza amewasha moto. Akanijazia kigae, akasema, 'Mzee, sikukuona.' Akachukua jembe lake akaenda shamba."

Mivukuto ikasimama.

"Alikuwa mumeo, mwanangu. Siku ile ile. Nilikuja mazikoni nikashindwa kukwambia."

Mashavu akautazama ule moto. Kisha akatazama nje. Moshi kwa Mize. Moshi kwa Subira. Moshi kila paa, na kila moshi umetoka mkononi mwa Vuai. Alikuwa amejifungia miaka mitatu akilinda kipande kimoja, na kijiji kizima kilikuwa kinapikia kilichobaki.

Akalia. Hakulia hivyo hata mazikoni. Alilia mpaka akachoka, na kulikuwa na raha ndani yake, kama mtu aliyetua mtungi kichwani.

Mke wa mhunzi, asiyejua la kufanya na mtu anayelia, akafukua muhogo kwenye majivu ya moto, akaupangusa, akamtia mkononi. Mashavu akauma huku analia. Akatafuna. Akaacha kulia. Akakunja uso.

"Mbona muhogo huu hauna chumvi?"

Loo! Mgeni amekula chakula cha watu akakitia kasoro! Mke wa mhunzi akafumba na kufumbua macho. Mzee Ngwali ndiye aliyeelewa kwanza, maana habari za Mashavu na majivu yake mdomoni kijiji kizima kilikuwa nazo.

"Mke wangu, leta chumvi! Leta yote! Ameonja!"

Lililiiii! Vigelegele vikatoka kwa mhunzi vikapokewa kwa Subira, vikapokewa kwa Mize, hata wasiojua sababu wakavipiga.

Mashavu akapita kwa Bi Sikudhani na kigae chake kikiwaka.

"Shikamoo, Bibi. Kumbe ulijua?"

"Marahaba. Sikujua kitu, mwanangu," akasema yule mzee, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilimjua Vuai tu. Hakuwa mchoyo."

Asubuhi Mashavu alivuka mto kwenda kwa binti yake kumpokea mtoto, na chakula cha njia alikula chote kabla hajafika nusu ya njia.

Basi, wenzangu, roho inakula, tena inakula sana. Lakini haili sahani iliyopakuliwa nyuma ya mlango uliofungwa. Inakula unga tunaouchekecha pamoja, mtoto wa jirani tuliyempakata, jasho la kazi ya mtu mwingine. Ukiona yako imekonda, usiipikie. Itoe nje, ikae na watu.

Hadithi yangu imetua mzigo hapa. Kilichobaki ni chenu, gawaneni.