Kunyoa Bure Siku ya Kura

Kinyozi wa mtaa wa juu aliitwa Spika, na kibanda chake, chenye viti viwili vya kuzunguka na benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa, watu walikiita Bunge. Humo siasa ilichambuliwa kama mchele wenye mawe. Mteja aliingia na nywele, akatoka na msimamo.

Mwaka huo ulikuwa wa kumchagua diwani. Chama cha Kengele kiliahidi kutia lami barabara ya mtaa wa juu, ambayo vumbi lake lilimlazimu Spika kufuta kioo mara sita kwa siku. Chama cha Ndoo kiliahidi daraja juu ya mtaro mpana uliotenga mitaa yote miwili, wa juu na wa chini, na shule. Hapo watu walivuka kwa ubao mmoja uliolegea, wasiotaka wakazunguka mbali kwa barabara kubwa.

Spika alikuwa Kengele damu damu. Mkewe, mshona nguo aliyejulikana kama Mama Pacha, alikuwa Ndoo. Cherehani yake ilikaa barazani, nyuma tu ya ukuta wa kibanda, kwa hiyo hotuba zote za mumewe zilimfikia zikiwa bado moto.

"Mama Pacha, hiyo ndoo yenu ina tobo!" Spika alipenda kumtania.

"Afadhali ndoo yenye tobo, mume wangu, kuliko kengele. Hiyo kazi yake ni kelele tu."

Wateja waliangua kicheko, na Spika mwenyewe akacheka kuwashinda. Lakini jambo moja halikumchekesha mkewe. Mwezi uliopita mmoja wa pacha wao aliteleza kwenye ule ubao, akarudi nyumbani na tope hadi masikioni, madaftari yakichuruzika maji. Tangu siku hiyo Mama Pacha alikuwa amekata shauri.

"Nimefanya hesabu," Spika aliwatangazia wateja siku moja kabla ya kura. "Katika kila vichwa kumi ninavyonyoa, saba ni vya Kengele. Kushinda tumeshashinda, bado kutangazwa tu. Kesho kila mwana-Kengele atanyolewa bure. Hatuwezi kusherehekea na vichwa kama vichaka!"

Bunge lilitetemeka kwa vifijo.

Kulipopambazuka, Mama Pacha aliifunika cherehani yake, akashika njia ya mtaa wa chini. Hakumhubiria mtu. Alibisha hodi mlango kwa mlango akiuliza, "Kitambulisho unacho? Haya, vaa viatu twende." Jirani mmoja alisingizia mtoto mchanga, Mama Pacha akambeba yule mtoto mpaka mamake alipotoka kupiga kura. Bibi mmoja muuza mkaa aliuogopa ubao, wakazunguka naye kwa barabara kubwa, pole pole, huku wakiimba.

Kule Bungeni benchi lilikuwa limejaa tangu saa mbili. Saa sita akaingia tarishi mstaafu, kidole chake kikiwa na wino.

"Wanangu, foleni kituoni pale shuleni ni fupi. Nendeni sasa, kituo kinafungwa saa kumi."

"Mzee wetu, nikiondoka hapa nitapoteza nafasi yangu ya kunyolewa," alijibu fundi bomba. "Kengele tuko wengi. Pengo la kura yangu moja nani ataliona?"

"Kweli kabisa!" wakaitikia wengine, na kila mmoja akafikiri vivyo hivyo kimoyomoyo.

Saa nane umeme ukakatika. Mashine ya kunyolea ikanyamaza ikiwa katikati ya kichwa cha fundi bomba. Spika akachukua mkasi, akaendelea taratibu, mdomo ukikimbia kuliko mkono. Alikuwa anaeleza jinsi diwani mpya atakavyoapishwa alipotupia jicho saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Jamani!" alipiga ukelele. "Kura!"

Walitoka mbio kama nyuki waliopigwa jiwe, fundi bomba akiwa na nywele upande mmoja na shuka la kinyozi likimpepea shingoni. Njia ya mkato ilikuwa ya mtaroni, lakini ubao ule haukubeba watu wawili kwa pamoja. Wakavuka mmoja mmoja, wakinyoosha mikono kama watoto wanaojifunza kutembea. Wa mwisho alipokanyaga ng'ambo, askari alikuwa amekwisha kufunga lango la shule.

"Afande, dakika tano tu!" Spika alimsihi.

"Mlikuwa na siku nzima," askari alijibu, macho yakimtoka kwa kichwa cha fundi bomba.

Jioni hiyo matokeo yalisomwa pale pale langoni. Kengele, kura mia mbili na tatu. Ndoo, mia mbili na kumi na mbili. Spika aligeuka, akawahesabu wenzake aliotoka nao Bungeni. Pamoja naye walikuwa kumi na saba. Akahesabu tena. Akaketi chini kama gunia lililokatwa kamba.

Nyumbani mkewe alimpa maji ya kunawa.

"Usiseme neno," Spika alionya.

"Sijasema."

"Lakini unacheka."

"Nacheka kwa shukrani, mume wangu. Hakuna aliyetufanyia kampeni kama wewe. Umewafungia wapinzani wetu ndani kutwa nzima, tena bure!"

Spika alijaribu kununa, akashindwa. Walicheka mpaka pacha wakaja kuuliza kuna nini.

Diwani mpya alipoitisha mkutano wa wakazi, Spika alifunga kibanda saa nzima kabla. Aliwaongoza watu wake hadi viti vya mbele, akaeleza habari ya vumbi kwa ufasaha mpaka wana-Ndoo wakampigia makofi. Daraja lilikuja kwanza, kama lilivyoahidiwa, lakini baada yake mtaa wa juu ukamwagiwa kokoto na kushindiliwa.

Siku moja mteja mmoja, mkazi wa uchochoro wa nyuma, alikaa kitini akilalamika. "Mbona kwangu hakukumwagwa kokoto?"

"Kwenye mkutano ulikuwepo?" Spika aliuliza.

"Sikuwepo. Nilijua mtanisemea."

Spika alizima mashine, akamtazama kwenye kioo kama mtu anayejitazama mwenyewe.

"Ndugu yangu," akasema, "somo hili mimi nililipata langoni: asiyekuwepo na lake halipo."