Patasi Iliyofungua Makopo

Fundi mmoja alikuwa na karakana ya useremala aliyoirithi kwa baba yake. Jina lake Eliamani, na karakana ilikuwa kando ya barabara ya kupanda mlimani, pale magari ya kubeba mbao yanaposimama kupoza injini. Baba yake, Mzee Kajiru, alikuwa mtu wa taratibu zake. Ukuta mzima aliupaka chokaa, kisha akachora kwa rangi nyeusi umbo la kila kifaa mahali kinapotundikwa: hapa randa, hapa msumeno wa kupasulia na hapa ule wa kukatia, hapa tupa, patasi, koleo, bisibisi, nyundo ya chuma na nyundo ya mbao. Jioni mlango haukufungwa mpaka kila umbo limefunikwa na kifaa chake. Na asubuhi hakuna aliyegusa ubao kabla hajakaa kwenye kinoo, akamwaga maji, akanoa kile atakachokitumia siku hiyo. Wateja walisimama mlangoni wakiona wanacheleweshwa. Mzee aliwasalimia vizuri, akaendelea kunoa.

Kwa mzee huyo walijifunza kazi watu wawili, Eliamani mwanawe na Mbonea mtoto wa jirani. Walikua pamoja, wakala sahani moja, wakachapwa kwa makosa yaleyale. Eliamani alikuwa mwepesi na mwenye kauli nzuri kwa wateja. Mbonea alijaliwa mkono. Akichonga ulimi wa ubao na tundu lake, vinaingiana bila gundi na bila kelele, na ukipitisha ukucha juu ya kiungo huoni mahali ubao mmoja ulipoishia. Mzee alipoona siku zake zinakwisha, alimwachia mwanawe karakana. Mbonea alipewa na mzee patasi moja pana ya chuma cha zamani, yenye mpini wa mpera. Akawaambia wote wawili kwamba patasi ile ina kazi moja tu, kukata mbao, na hakueleza zaidi, kwa sababu aliona amemaliza.

Eliamani hakuwa mtu mbaya. Naomba hili lishikwe tangu sasa, maana mfano huu haumhusu mtu mbaya, na anayemtafuta mtu mbaya ndani yake atatoka mikono mitupu. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi. Aliongeza mashine: msumeno wa umeme wa mezani, drili, mashine ya msasa, na ile ya kunolea yenye jiwe linalozunguka mpaka cheche zinaruka. Mashine hazikuwa na kosa lolote. Msumeno wa umeme hupasua asubuhi moja mbao ambazo zamani zingewatoa jasho watu wawili juma zima. Drili hutoboa bila kuomba kupumzika. Kila moja ilifanya kazi iliyoundwa kuifanya, na karakana ikajulikana mpaka ng'ambo ya mlima.

Lakini Eliamani alikuwa na tabia moja, ya kushika kilicho karibu. Na kilichokuwa karibu siku zote ni ile patasi, kwa sababu ilikuwa na kazi nyingi kuliko vifaa vingine, haikukaa ukutani, ilikuwa mezani. Siku moja alitaka kufungua kopo la vanishi. Bisibisi ilikuwa mahali pake, hatua chache tu. Akachukua patasi, akaingiza ncha chini ya kifuniko, akabinya, kopo likafunguka. Hakuna kilichovunjika wala aliyelalamika. Kesho yake patasi ikang'oa msumari uliopaswa kung'olewa na koleo. Halafu ikakwangua gundi iliyokauka mezani, ikakaza skrubu, ikawekwa chini ya mlango upepo usiufunge. Mbonea aliona. Jioni aliichukua, akaifuta, akainoa alichoweza, akairudisha mezani. Eliamani alipokuta ina makali tena aliona ndivyo ilivyo, chuma kizuri hakiharibiki.

Mbonea naye alikuwa karibu. "Mbonea, mara moja!" Ndivyo alivyoitwa kutwa nzima, naye aliacha ubao, akaenda. Mara moja akashushe mbao kwenye gari. Mara moja akamtulize mteja aliyeahidiwa kitanda ambacho bado ni mti. Mara moja akakae na wapaka rangi, kwa sababu wakiachwa peke yao wanagombana. Mafundi wengine walikuwa na midomo. Ukiwatuma nje ya kazi yao wanakukumbusha kazi yao. Mbonea hakuwa na mdomo huo. Na kila aliposhika kitu kilifanyika vizuri, kwa hiyo alipewa kingine. Ilipofika mashine ya msasa, ambayo hutetema mkononi tangu asubuhi mpaka jioni na ambayo kila mtu aliikimbia, aliyeishika ni Mbonea. Ilikuwa iwe kwa juma moja, mpaka apatikane mtu. Mtu hakutafutwa, kwa sababu nafasi haikuwa wazi.

Misimu ikapita. Desturi ya kinoo asubuhi ilikuwa imeshakufa. Nani anoe kwa maji wakati kuna mashine? Siku moja Eliamani alikuta ncha ya patasi imemeguka, mahali ilipokwaruzana na msumari. Alisikitika kweli, akajilaumu kidogo, akaazimia kuitengeneza mwenyewe. Akawasha mashine ya kunolea, akaikandamiza patasi kwenye jiwe mpaka cheche zikamfikia kifuani. Hakuitoa ipoe, hakuitia maji. Pengo likaisha, ncha ikang'aa, na karibu na ncha chuma kikageuka rangi ya buluu, nzuri kuitazama. Mafundi wanaijua rangi hiyo. Chuma kikifika hapo kimeshaungua, ugumu wake umetoka, na makali yake yanapinda kwenye ubao wa kwanza. Eliamani pia aliijua rangi hiyo. Lakini alikuwa na haraka, na patasi ilikuwa inang'aa, akaona imepona.

Ndipo ukaja ule mlango. Bibi Nakijwa, mjane wa juu kule, alikuwa na mvule mmoja uliopandwa na mumewe walipooana. Aliutoa ukatwe, utengenezwe mlango mkubwa wa nyumba ya ibada iliyokuwa inajengwa, akasema hana mwingine na wala hatapanda mwingine, umri umekwenda. Mbao zilizotoka zilitosha mlango mmoja, bila nyongeza. Alimwomba Eliamani jambo moja, mlango uungwe kwa ndimi kama alivyounga Mzee Kajiru, bila msumari hata mmoja. Eliamani aliahidi mbele ya wazee wote. Alipoahidi alikuwa anauona akilini mkono wa Mbonea.

Msumeno wa umeme ulipasua mbao vizuri. Randa ikasawazisha. Drili ikatoboa katikati ya kila tundu. Lakini drili inatoboa duara, na ulimi wa ubao una kona. Kona hizo ni za patasi na mkono wa mtu, na hakuna mashine katika karakana ile iliyoweza kuzifanya. Eliamani akamwita Mbonea, akamwonyesha miimo miwili ya mvule, zile mbao ndefu za pembeni mwa mlango, iliyolala mezani, myekundu na safi, akamwambia kwamba sasa ni kazi yake, achukue muda wake wote, hakuna atakayemwita.

Mbonea aliisogelea meza. Akaishika patasi, akaigeuza, akaiona ile buluu. Akaiweka chini taratibu. Kisha akauweka mkono wake wa kulia juu ya mvule ule, akaupitisha ukucha kama alivyozoea, na uso wake ukabadilika, kwa sababu hakuhisi kitu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu msimu uliopita, kwa mtetemo wa ile mashine ya msasa. Alifikiri vitarudi, na alikuwa hajamwambia mtu. Akasema, "Fundi, kwa kazi zote ndogondogo ulinikuta kila siku. Kwa hii hunikuti."

 Eliamani alitaka kusema kwamba hakujua, akakumbuka kwamba hakuuliza. Lakini siku ya kupachika mlango ilikuwa imetangazwa na ahadi ilikuwa ya kwake, akajipa moyo. Akaichukua patasi mwenyewe, maana karakana haikuwa na nyingine. Kwenye tundu la kwanza makali yalipinda. Akaipitisha tena kwenye mashine, ikang'aa tena, ikapinda tena. Basi pale ambapo patasi kali ingekata kwa kusukumwa na kiganja, yeye akatumia nguvu; akaacha nyundo ya mbao, akachukua ya chuma, akapiga. Mvule ulitoa mlio mmoja mfupi. Ufa ukaanzia kwenye kona ya tundu, ukafuata njia ya nyuzi za mti, ukatembea mwimo mzima mpaka mwisho. Watu wote mle ndani waliacha kazi. Mbonea alifumba macho.

Mlango ulipachikwa hivyohivyo, kwa kuwa mvule mwingine haukuwepo. Ufa waliubana kwa vyuma na misumari, ile misumari aliyoahidi kwamba haitakuwepo. Bibi Nakijwa alikuja siku ya kufungua nyumba. Aliugusa mlango, akaupata ufa, akaufuata kwa kidole kutoka chini mpaka mkono wake ulipofikia. Hakumlaumu mtu. Aliingia ndani, akakaa benchi la nyuma. Eliamani alisema baadaye kwamba heri angetukanwa.

Juma lile Mbonea aliaga. Hakugombana na mtu. Alikwenda kwa dada yake bondeni kulima tangawizi, kazi isiyohitaji ncha za vidole. Aliomba kitu kimoja tu, patasi yake, na alipewa. Watu walioshuka bondeni walisema amejipatia kinoo, na jioni anakaa nacho, anamwaga maji, anaisugua patasi taratibu apite ile sehemu iliyoungua, afikie chuma kizima kilichobaki nyuma yake. Inazidi kuwa fupi, walisema, lakini ile buluu inapungua. Kuhusu vidole vyake walisema siku nyingine anahisi baridi ya maji, siku nyingine hahisi.

Karakanani kazi iliendelea. Siku moja likaletwa kopo la vanishi. Eliamani akanyoosha mkono mezani, pale mkono wake ulipozoea kwenda, ukakuta mbao tupu. Akainua macho ukutani. Umbo la patasi lilikuwa wazi, jeusi juu ya chokaa, jinsi baba yake alivyolichora. Akafungua kinywa kuita, "Mbonea, mara..." na sauti ikamkatikia hapo.  Kisha akatembea zile hatua chache mpaka kwenye bisibisi, ambayo ilikuwa imetundikwa pale miaka yote ile, akaishika, akafungua kopo. Lilifunguka bila shida yoyote. Akakaa chini, akalia.

Nanyi mnaonisikiliza, mnao nyumbani kwenu na kazini kwenu yule mtu ambaye hakatai. Leo mkirudi, mtamtuma nini?