Kilimia cha Sultani Badili

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na mji uitwao Ungandu, na mtawala wake ni Sultani Badili. Alitawazwa wakati wa kaskazi, na usiku ule, baada ya sala ya isha, kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia kilikuwa juu kabisa ya jumba lake. Mnajimu wake, Faki, aliyependa kula vizuri, akasema, "Bwana wangu, nyota hizi zimekuja kukulinda wewe." Basi tangu hapo Sultani hakulala bila kuzisalimu.

Miezi ikapita, masika yakaingia, na kila alipotazama baada ya isha alikiona Kilimia kimeteremka kidogo upande wa magharibi. Ikawa usiku mmoja, mvua ilipopumua, akakiona kimetua juu ya kibanda cha makuti.

"Nani akaaye pale?" akauliza.

"Mwanamize, bwana wangu. Mjane, msuka mikeka."

"Basi ameniibia nyota zangu!"

Faki alijua si kweli, lakini akauona ugumu wa kueleza.

Asubuhi Mwanamize akaletwa barazani. Mali yake ilikuwa kibanda kile, kijaruba cha mpunga, na ulimi ambao hata marehemu mumewe hakuuweza. Sultani akatamka, "Nyumba yoyote ambayo Kilimia kitasimama juu yake itavunjwa. Na nyumba hiyo ni yako. Kesho baada ya isha askari watakuja."

Ndani ya kibanda kile ndimo Mwanamize alimozalia wanawe watatu. Hata hivyo akainama, akasema, "Amri ya bwana wangu haipingwi. Ila nyumba ya mtu huvunjwa kwa ushahidi. Njoo mwenyewe, usimame uani pangu, ukione kwa macho yako. Kikiwa juu ya paa langu, shoka la kwanza nitapiga mimi."

"Nitakuja," akasema Sultani.

Akaja kweli, na kanzu yake ya hariri, na Faki nyuma yake, na askari wanne wenye mashoka. Wakapita ndani ya kibanda, wakatokea uani upande wa magharibi. Sultani akainua kichwa. Kilimia hakikuwa juu ya kibanda. Kilikuwa mbele, juu ya nyumba ya mhunzi.

"Loo, kimetukimbia!" akasema Mwanamize. "Na amri ilisema nyumba yoyote. Twende, bwana wangu, kabla hakijahama."

Wakaenda kwa mhunzi. Walipofika, Kilimia kikaonekana juu ya nyumba kubwa ya mawe, nayo ilikuwa ya mama mkwe wake Sultani. Askari wakatazamana.

"Nani aanze?" Mwanamize akauliza kwa adabu. "Mimi nampisha aliye na undugu."

Sultani akakohoa. "Tusonge mbele kwanza."

Basi wakaipita nyumba ya mama mkwe kwa kunyata, wakatokea mashambani. Matope ya majaruba yakamfika Sultani magotini, kiatu kimoja kikazama kisionekane tena. Akatazama juu. Kilimia kilikuwa mbali vilevile, kimekaa juu ya mlima.

"Sasa kimefika mahali pazuri," akasema Mwanamize. "Mashoka ni manne. Bwana wangu waonaje, mlima huu twaweza kuumaliza kabla ya Ramadhani?"

Sultani akautazama mlima, akayatazama mashoka. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke.

Alipotulia akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu atakaye kujua, "Nieleze basi, mama. Kiko juu ya nani?"

"Juu yetu sote, bwana. Kiko mbali mno, na kila mtu hukiona juu ya jirani yake."

"Na mbona kimeniacha?"

"Hakikukuacha. Kila jioni hushuka mapema kidogo kuliko jana. Karibuni kitazama pamoja na jua, usikione kabisa, nawe tafadhali usimfunge mtu. Kisha kitazuka mashariki alfajiri, saa ambayo sisi tunawafukuza ndege mpungani na wewe umelala. Kaskazi ikirudi, utakiona tena juu ya jumba lako. Wazee walisema, Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Hivyo ndivyo tujuavyo siku za kulima."

Sultani akamgeukia mnajimu. "Nawe ulijua haya?"

"Nilijua, bwana wangu," akajibu Faki, macho matopeni.

"Hukuniambia kwa nini?"

"Hukuniuliza, bwana. Uliniuliza nani akaaye pale."

Sultani akacheka tena, lakini si sana. Akaamuru Mwanamize ajengewe nyumba ya mawe kwa gharama ya jumba, na Faki aende kila alfajiri kumfukuzia ndege mpungani, mpaka atakapokiona Kilimia kikizuka.

Ikawa Faki akaamka gizani siku thelathini na kitu, akipiga debe na kupiga miayo. Hata alfajiri moja ya baridi akakiona, chembamba, juu kidogo ya upeo wa mashariki, akakimbia mpaka jumbani huku akipiga kelele. Sultani akatoka miguu mitupu, akapanda darini, akakitazama mpaka mapambazuko yakakifuta. Wala siku ile hakusema kwamba ni chake.