Geji ya Sekela

Taa huja na pole, mshale huja na hodi. Mmeisikia kwangu leo mkacheka, mkadhani ni uzee unanisemesha. Sikuitunga mimi. Ilitoka kinywani mwa Sekela, fundi wa magari wa hapa Mbeya, na kilichomfanya aiseme ni jiwe la barabarani.

Sekela na mumewe, Ambakisye, walikuwa na gari dogo kuukuu. Walilivua injini yake wakalivika ya gari kubwa, wakalisuka wenyewe kipande kwa kipande, mpaka likawa linapanda milima kama limetumwa. Injini nyingine ya aina ile hawakuwa nayo, wala hawakujua wangeipata wapi. Ndiyo maana, kabla ya mashindano ya kupanda mlima, Sekela akaamua kufunga geji ya presha ya oili, saa yenye mshale unaoshuka oili inapopungua nguvu ndani ya injini.

Ambakisye akamtania. "Taa ya oili ipo hapo kwenye dashibodi. Mshale wa nini tena, mke wangu? Unataka kujua gari linaota nini?"

Sekela akaendelea na kazi. Alifungua swichi ya taa ubavuni mwa injini, akaweka kiungo chenye midomo miwili, swichi ya taa ikabaki mdomo mmoja na sensa ya geji, kile kifaa kinachopima presha, ikakaa mwingine. Ambakisye, katika kusaidia, akaizungushia sensa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, tena nyingi, utadhani anafunga bomba la bafuni. Wakawasha injini. Mshale ukalala doro. Gwamaka, jirani yao na mshindani wao, alicheka mpaka akashika ukuta.

Sekela akaifungua tena, akabandua tepu yote. Sensa ile hupitisha umeme wake kwenye chuma cha injini, na tepu ilikuwa imeukata. Akakaza chuma kwa chuma, na hata tone halikuvuja. Mshale ukainuka, ukasimama katikati. Nilikuwapo, na nilimvulia kofia.

Siku ya mashindano Sekela alishika usukani, Ambakisye akakaa kando yake. Walikuwa wanaongoza. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushinda kwenye mlima ule, na mtaa mzima tulipanda kwenda kuliona jambo hilo. Kwenye kona ya mwisho jiwe likagonga chini ya gari.

"Mshale unashuka," Ambakisye akasema.

"Taa?"

"Haijawaka."

Utepe wa mwisho ulikuwa unaonekana. Sisi tulishaanza vigelegele.

"Bado unashuka, Sekela."

Akazima injini, akaliacha gari lisimame pembeni, akalia waziwazi mbele ya watu. Mnajua moyo unaohitajika kuzima gari linalonguruma vizuri, ushindi uko palepale? Mimi sina.

Gwamaka akawapita akipiga honi. Kumbe naye alikuwa amelipiga jiwe lilelile. Kabla hajafika kwenye utepe taa yake ikawaka, injini ikapiga kelele moja mbaya, ikanoki, ikafa kabisa. Alirudi kwa miguu, akawakuta Sekela na Ambakisye wamelala chini ya gari lao wakitazama ufa uliovujisha oili kwenye bakuli lake chini ya injini.

"Lakini shemeji," akamwambia Sekela, karibu kulia, "nilizima papo hapo taa ilipowaka!"

Sekela akatoka chini ya gari akifuta mikono. Hakumcheka, ingawa alikuwa na haki.

"Najua, shemeji. Taa huwaka presha ikiwa imeshakwisha; ilikuja kukupa pole. Mshale ndio ungekupigia hodi."

Kombe alilichukua mtu mwingine, na jina lake hakuna anayelikumbuka. Bakuli likachomelewa, oili ikamiminwa, na injini ya Sekela ikanguruma kama kawaida. Gwamaka ndiye aliyeyasambaza maneno yale, kila alipoulizwa gari lake liko wapi. Siku hizi yamefika hadi zahanati, huambiwa mtu anayekataa kupimwa presha kwa sababu hajisikii kuumwa. Haumwi, sawa. Lakini taa huja na pole, mshale huja na hodi.