Kasa Aliyekufa Katika Wando wa Mize

Hapo zamani, si zamani ya kale mno, palikuwa na hori la bahari lililolindwa. Kasa walikula majani yake, wageni wakaja kuwatazama, na wenyeji wakavua kwa wando tu, yaani uzio wa fito wenye mlango. Na palikuwa na amri: atakayesababisha kifo cha kasa atatolewa horini, asirudi tena.

Mize alirithi wando kwa mamake, wala hakuwa na riziki nyingine. Siku moja akafiwa na shangazi yake. Akauacha mlango wazi ili atakayeingia aweze kutoka maji yakipwa, akafunga juu yake kipande cha kanga. Kila mvuvi alijua maana yake: mwenyewe hayupo, ukiona jambo msaidie. Pasipo kitambaa, wando wa mtu hauguswi, ukiugusa wewe mwizi.

Aliporudi mazikoni, maji yametoka. Mlango umefungwa, kitambaa hakipo, na ndani kasa amekufa kwa jua. "Kuna mtu anautaka wando wangu," akasema moyoni, akaanza kuwatazama watu kwa jicho la pembeni.

Shauri likafika kwa wazee wa hori. Mbele yao akasimama Makame, mwenye boti ya wageni. "Mlango niliufunga mimi, wazee wangu. Wageni walitaka kumwona kasa kwa karibu. Nilikusudia kurudi kuufungua, mashine ikanizimikia."

"Mashine yako ilizimika siku hiyo tu?" Mize akauliza.

Akasimama mgeni, mama mmoja wa watu, macho mekundu kwa kulia. "Kitambaa nilikitoa mimi. Tuliambiwa tuokote taka."

"Taka yenye mafundo mawili?" Mize hakumwamini hata kidogo.

Akasimama Vuai, mlinzi wa hori. "Mimi nilimwona kasa mle ndani akiwa hai. Kitambaa sikukiona. Ningegusa ungeniita mwizi, Bi Mize. Mwaka jana nilikutolea samaki waliokuwa wakikuozea, ukaniita."

Na ni kweli, Mize alimwita.

Mzee mmoja akamgeukia. "Na wewe, mbona hukumwachia mtu aangalie?"

"Ningemwachia nani, na simwamini mtu?"

Wazee wakaguna. Mgeni kesho anaondoka, kumfukuza yeye hakumgharimu mtu kitu. Lakini amri ni amri, na Mize kashikilia fito za mlango wake anangoja kusikia jina.

Haya, msinitazame mimi. Kati ya hawa wanne, nani atolewe horini?